Mbona magugu yakapata dawa safi kabla ya watoto wetu?

Baadhi ya tembe zinazouzwa katika maduka ya dawa humu nchini ni dawa mbili ndani ya tembe moja, ingawa paketi huonyesha jina moja tu. Mnunuzi haambiwi, na aghalabu hata muuzaji hana habari. Mara nyingi jambo hili halimdhuru mtu. Lakini iko tembe moja ambayo kwa sababu hiyo imewasumbua watoto wetu kwa miaka mingi sana. Tembe hiyo ni prazikwanteli, dawa ya kutibu kichocho.

Wazazi wa Mwea, Taveta, Kwale na kando ya Ziwa Victoria wanaifahamu vyema. Ni tembe kubwa ya miligramu 600, tena chungu kama shubiri. Mtoto wa miaka mitatu akipewa huitema, na akilazimishwa huenda akatapika. Wauguzi wamekuwa wakiiponda na kuichanganya na kitu kitamu ili angalau sehemu yake ifike tumboni.

La kusikitisha ni kwamba nusu ya tembe hiyo ndiyo inayoua minyoo. Nusu ya pili haina faida ya maana kwa mgonjwa. Inaifanya tembe kuwa kubwa na kuizidishia uchungu.

Wanasayansi walilifahamu jambo hili tangu miaka ya 1980. Walifahamu pia kwamba inawezekana kutengeneza nusu moja ya dawa na kuiacha ya pili, kwani viwanda vya ng'ambo vilianza kufanya hivyo katika miaka ya 1970. Basi kwa nini tembe ya watoto ya kichocho ikasubiri hadi Desemba 2023 ndipo ikubaliwe na wakaguzi wa dawa wa Ulaya? Kwa maoni yangu, kifaa kilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kukiagiza kwa ajili ya mtoto wa maskini.

Kushoto na kulia

Ili tuelewane, msomaji, tazama mikono yako miwili. Ina vidole sawa, vimepangwa kwa utaratibu ule ule, na mmoja ni kama taswira ya mwenzake katika kioo. Hata hivyo, huwezi kuvaa glavu ya kulia katika mkono wa kushoto ukastarehe.

Molekuli nyingi zenye kaboni ziko hivyo hivyo. Atomu moja ya kaboni ikishikamana na vitu vinne tofauti, vitu hivyo huweza kupangwa kwa namna mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukizipima kwenye mizani, uzito ni mmoja. Ukizichemsha, huchemka kwa joto lile lile. Lakini mwili wa binadamu huzitambua mara moja, kwa sababu mwili nao umejengwa kwa molekuli za mkono mmoja.

Mfano umo jikoni. Nanaa inayotiwa katika chingamu na mbegu za kisibiti zina harufu mbili ambazo hakuna mpishi anayeweza kuzichanganya. Ajabu ni kwamba kiini cha harufu hizo ni molekuli moja iitwayo karvoni. Katika nanaa iko ya mkono mmoja, na katika kisibiti iko ya mkono wa pili. Ikiwa pua inaweza kutofautisha, basi ini, damu, ubongo na hata mnyoo wa kichocho navyo vinaweza.

Tatizo huanza katika maabara. Mmea ukitengeneza kitu chake hutoa mkono mmoja. Mkemia akichanganya kemikali zake kwa njia ya kawaida hupata mikono yote miwili, nusu kwa nusu. Mfaransa Louis Pasteur alifaulu kuitenganisha mikono hiyo mwaka wa 1848 kwa kuokota chembe za chumvi moja moja kwa kibano huku akizitazama kwa darubini. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, lakini hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza tani za dawa kwa kibano. Tena, hata ukitenganisha kwa njia iliyo bora zaidi, unabaki na nusu usiyoihitaji, ambayo umeigharamia.

Fundi na kalibu yake

Aliyefungua mlango mpya ni Mmarekani William Knowles, mkemia wa kampuni ya Monsanto mjini St. Louis. Mwaka wa 1968 alichukua metali adimu iitwayo rodiamu na kuizungushia molekuli za fosforasi zilizokuwa za mkono mmoja pekee.

Fikiria fundi wa viatu mwenye kalibu ya mguu wa kushoto tu. Ngozi yoyote utakayomletea, atakachotoa ni kiatu cha kushoto. Metali iliyozungushiwa molekuli za mkono mmoja hufanya kazi kama kalibu hiyo. Hushika malighafi, huigeuza iangalie upande mmoja, kisha huipachika haidrojeni kutoka upande huo tu. Kazi ikimalizika, huiachilia na kushika nyingine. Kalibu yenyewe hailiwi, hivyo chembe kidogo ya metali ghali huweza kutoa maelfu ya molekuli za dawa.

Wakemia huita chombo cha namna hii kichocheo. Msomaji asikichanganye na kichocho. Majina yanakaribiana, lakini kimoja ni msaada na kingine ni maradhi.

Jaribio la kwanza la Knowles halikuwa la kujivunia sana. Katika kila molekuli 100 alizopata, za mkono aliotaka hazikufika 60. Lakini alikuwa ameonyesha kwamba inawezekana. Katika miaka michache yeye na wenzake waliibadilisha kalibu mpaka wakapata zaidi ya 97 katika kila 100. Kiwanda kikaanza kuitumia kutengeneza levodopa, dawa ya wagonjwa wa Parkinson, yaani ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa kwa viungo. Hapo faida ilikuwa dhahiri, kwa sababu mkono wa pili wa dawa hiyo hautibu, na unaweza kuleta madhara.

Nchini Japani, Ryoji Noyori alibuni vichocheo vingine vya rodiamu na rutheniamu. Kimojawapo hutumika kutengeneza mentholi, ile inayoburudisha koo katika peremende na kutuliza maumivu katika mafuta ya kuchua. Kingine kilitumika kutengeneza malighafi ya levofloksasini, dawa ambayo leo huwatibu pia wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Mwaka wa 2001, Knowles, Noyori na Mmarekani Barry Sharpless walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Waliotangulizwa

Hadi hapo hakuna wa kulaumiwa. Kinachonikera ni orodha ya waliotangulizwa kuhudumiwa.

Mwaka wa 1976 ilianza kuuzwa dawa ya kuua magugu iitwayo metolaklori, inayotumika sana katika mashamba ya mahindi. Ilikuwa na tatizo lile lile la prazikwanteli. Ilikuwa mchanganyiko wa mikono miwili, na mkono mmoja ndio uliofanya karibu kazi yote ya kuua magugu. Kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi ilifanya utafiti kwa miaka mingi, na mnamo Novemba 1996 ikaanza kutengeneza mkono unaotakiwa kwa kichocheo cha iridiamu. Kichocheo hicho kimoja kilitosha kiwanda cha zaidi ya tani 10,000 kwa mwaka. Mkulima akaweza kupunguza dawa anayomwaga shambani kwa takriban theluthi moja.

Sina ugomvi na mkulima wala na Waswisi hao. Kupunguza kemikali zinazomwagwa ardhini ni jambo jema. Lakini linganisha tarehe. Gugu la shamba la mahindi la Marekani lilitengenezewa dawa ya mkono mmoja mwaka wa 1996. Mtoto wa Mwea mwenye damu hafifu na tumbo lililovimba alisubiri miaka mingine 27.

Sababu haijifichi. Mwenye shamba analipa. Mgonjwa wa Parkinson katika nchi tajiri analipa, au bima yake inamlipia. Kichocho ni ugonjwa wa mtoto anayeoga katika mfereji wa mpunga, wa mama anayefua kando ya ziwa na wa mvuvi asiye na bima. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wala huu si ugonjwa mdogo. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mwaka wa 2021 watu zaidi ya milioni 250 walihitaji dawa ya kujikinga nao, na wengi mno wao ni Waafrika. Minyoo hii hupitia kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya binadamu, na kukaa katika mishipa ya damu ya utumbo au ya kibofu. Mtoto hupungukiwa na damu, hudumaa na hushindwa kufuata masomo. Asipotibiwa, baadaye ini huharibika, au kibofu, na saratani ya kibofu huweza kufuata.

Hata hivyo, kwa muda mrefu kampeni za kugawa dawa ziliwalenga watoto wa shule, huku wadogo zao wakiachwa. Ni mwaka wa 2022 tu ambapo shirika hilo lilipendekeza kampeni hizo ziwafikie watoto kuanzia miaka miwili.

Mnyonge mnyongeni

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wapo waliojitahidi. Katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, mkemia Matthew Todd na wenzake waliifanya kazi yao hadharani, kila tokeo likiwekwa wazi ili mtaalamu yeyote duniani aweze kuwashauri. Mwaka wa 2011 walichapisha njia rahisi ya kutenganisha mikono ya prazikwanteli kwa asidi ya jamii ile ile aliyoishughulikia Pasteur.

Msomaji atauliza, kumbe metali ghali haikuhitajika? Ni kweli, katika kazi hiyo haikuhitajika. Mkemia mwerevu hutumia njia iliyo nafuu, na wakati mwingine kutenganisha ni nafuu kuliko kutumia kichocheo. Lakini njia hiyo hubaki na ile nusu isiyotakiwa, ambayo ni lazima itupwe au irudishwe mwanzo na kutengenezwa upya. Maabara kadhaa zimekwisha kuchapisha njia za kuujenga mkono unaofaa moja kwa moja kwa vichocheo vya metali. Kinachobaki ni kuzifanya ziwe nafuu kiwandani, na hiyo ni kazi ya pesa na nia.

Kampuni ya Merck ya Ujerumani, iliyohusika kuigundua prazikwanteli katika miaka ya 1970, nayo iliunda muungano na taasisi kadhaa mwaka wa 2012 ili kutengeneza tembe ya watoto. Tembe hiyo, iitwayo arprazikwanteli, ina ule mkono mmoja unaoua minyoo. Ni ndogo, ya miligramu 150, huyeyuka katika maji, na uchungu wake umepunguzwa. Ilijaribiwa Kenya na Ivory Coast kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita, na watafiti wa taasisi yetu ya KEMRI walishiriki. Karibu asilimia 90 ya watoto walipona. Baada ya wakaguzi wa Ulaya kuikubali, Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa zilizothibitishwa mwaka wa 2024.

Hizo ni habari njema. Lakini tusisahau kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka ambao Knowles alifanya jaribio lake la kwanza alikuwa na miaka 55 tembe hii ilipokubaliwa.

Si kila mkono mmoja ni bora

Ni lazima nitoe tahadhari, kwa sababu wafanyabiashara ni wepesi wa kugeuza sayansi kuwa tangazo. Dawa ya mkono mmoja si lazima iwe bora kuliko ile ya mchanganyiko.

Wengi hutoa mfano wa thalidomaidi, dawa iliyouzwa Ujerumani kuanzia 1957 hadi 1961 na kusababisha zaidi ya watoto 10,000 duniani kuzaliwa na viungo vilivyodumaa. Husemwa kwamba mkono mmoja ulituliza na wa pili ukalemaza, hivyo kuutoa ule mbaya kungetosha. Si kweli. Mwili huugeuza mkono mmoja kuwa mwingine, kwa hivyo mama angemeza ule mzuri na mtoto aliye tumboni bado angefikiwa na ule mbaya. Funzo la thalidomaidi ni kwamba dawa ipimwe kwa makini kabla ya kuuzwa.

Ibuprofeni, dawa ya maumivu tunayoijua sote, ni mchanganyiko wa mikono miwili. Sehemu kubwa ya mkono usiofanya kazi hugeuzwa na mwili kuwa ule unaofanya kazi. Kutumia fedha nyingi kuutoa hakuna faida kubwa kwa mtu wa kawaida.

Mfano mwingine ni omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo. Ulinzi wa kisheria uliompa mwenyewe haki ya kuiuza peke yake ulipokaribia kwisha, kampuni hiyo hiyo ilileta sokoni esomeprazoli, ambayo ni mkono mmoja wa dawa ile ile, unaotengenezwa kwa kichocheo cha metali iitwayo titaniamu. Kwa wagonjwa wengi tofauti ni ndogo, lakini dawa mpya ilikuja na bei mpya. Kalibu ile ile iliyoweza kumsaidia mtoto wa Kwale ilitumika kulinda faida.

Kwa hivyo, ukiandikiwa dawa mpya yenye bei ya kutisha, muulize daktari au mfamasia kwa heshima: "Je, ile ya zamani haitanifaa?" Huenda ikawa haifai, naye atakueleza kwa nini. Usibadilishe wala kuacha dawa bila ushauri wake. Lakini kuuliza ni haki yako, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Tufanye nini?

Kwanza, serikali ya taifa na kaunti zenye kichocho zihakikishe kwamba tembe ya watoto inafika katika zahanati, na kwamba wazazi wanaelezwa kuihusu. Itakuwa aibu dawa ijaribiwe kwa watoto wetu kisha ikose kuwafikia ndugu zao. Sambamba na hilo, vyoo na maji safi visisahauliwe, kwani mtoto aliyetibiwa leo akirudi kuoga katika mfereji ule ule ataambukizwa tena kesho.

Pili, tuache kuridhika na kufinyanga tembe tu. Viwanda vyetu vya dawa huagiza unga wenyewe kutoka ng'ambo, kisha huuchanganya, huugandamiza na kuutia katika paketi. Ni kazi ya heshima, lakini mwenye unga ndiye mwenye kauli. Sehemu kubwa sana ya rodiamu ya dunia, takriban asilimia 80, huchimbwa Afrika Kusini. Metali inatoka katika bara letu, wagonjwa wako katika bara letu, lakini kalibu zinabuniwa Marekani, Ulaya na Japani kwa ajili ya wateja wa huko. Vyuo vikuu vyetu vina vijana waliofuzu kemia ambao huishia kuuza bima au kuhesabu pesa za watu benki. Wapewe maabara, vifaa na mishahara, na waulizwe swali moja: ni dawa zipi za magonjwa yetu zinazobeba nusu isiyo na kazi, na ni kwa njia gani nafuu tunaweza kuiondoa?

Atakayesema kwamba kazi hiyo ni ghali mno kwa nchi maskini na akumbuke njia ya Sydney. Haikuhitaji metali yoyote ya thamani. Ilihitaji wakemia, asidi isiyo ghali na uamuzi wa kumtanguliza mgonjwa asiye na pesa.

Tatu, wenye kutoa pesa za utafiti, wawe wa humu nchini au wa ng'ambo, waulizwe hadharani zinakwenda wapi. Wabunge wetu hujadili bei ya mbolea na dawa za magugu kwa sauti kubwa, na wanafanya vyema. Siku moja wangeijadili pia tembe ya mtoto mwenye kichocho kwa sauti hiyo hiyo.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Katika jambo hili njia ilipatikana mapema, na nia ndiyo iliyochelewa. Yako magonjwa mengine ya maskini ambayo bado yanangoja zamu yao, na wenye pesa hawatayakumbuka wenyewe. Itabidi sisi tuwakumbushe.